Kiti cha Pili Kwenye Ndege ya Jumamosi

Nilimpenda Kirifi kwa sababu ya kiganja chake.

Kwenye zile ndege ndogo za kwenda Pago Pago, kisiwa cha jirani, kila abiria hupimwa pamoja na begi lake kama gunia la nazi, na namba inaandikwa kwenye fomu ya rubani. Mpimaji wa zamani alikuwa akiisoma kwa sauti. Watu walicheka, na aliyesomwa alicheka nao, maana angefanya nini. Siku ile, miaka miwili nyuma, nilipanda mizani nikafumba macho nikingoja kicheko. Sikusikia kitu. Nilipofumbua, nilimwona kijana mpya wa kaunta ameufunika uso wa mizani kwa kiganja, anachungulia chini ya vidole kama mtu anayeficha karata. Akaandika, kisha akaniambia polepole, "Pita, dada. Safari njema."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita na hakuna mwanamume aliyewahi kunisitiri namna ile. Nilikaa ndani ya ndege nikiwaza kile kiganja mpaka tukatua.

Tulipoanza kupendana, akijua kwamba kiti kimoja hakinitoshi, aliniambia, "Malaea, habari ya kiti cha pili usiiwaze tena. Hiyo kazi niachie mimi."

"Unafanyaje?"

"Wewe panda tu. Ukiona kiti cha kando yako ni kitupu, jua mimi ndiye nimekaa hapo."

Nilipanda mara tatu, na mara zote tatu kiti cha kulia kwangu kilikuwa kitupu, mkanda umekunjwa vizuri juu yake. Nilikiwekea mkono njia nzima. Niliona ni mapenzi hayo, sikuuliza zaidi.

Kitu kimoja tu kilinichoma. Kwa miaka miwili hiyo Kirifi hakuwahi kunipeleka kwao kula chakula cha Jumapili. Baba yake alikuwa mchungaji, na mama yake alishamwambia kwamba mke wa mtoto wa mchungaji hukaa benchi la mbele, watu wote wanamtazama. Kirifi aliniambia maneno hayo huku akicheka, kisha akaangalia pembeni. "Nipe muda kidogo," alisema. Nikampa.

* * *

Ile Jumamosi simu iliniamsha alfajiri. Alikuwa kaka yangu Pesamino, kutoka hospitali ya Pago Pago.

"Dada, njoo leo."

"Amezidiwa?"

"Madaktari wanasema hataifikia kesho. Lakini akili anazo. Ametuuliza mimi na mama mara tatu, Malaea yuko wapi."

"Mwambie nakuja na ndege ya saa nne, tiketi niliikata tangu wiki iliyopita."

Nikasikia kikohozi nilichokijua. Pesamino alikuwa amemwekea simu sikioni.

"Ni mimi baba yako," ile sauti ikasema, nyembamba kama uzi. "Nakupigia kutoka jana."

Huo ulikuwa utani wake wa miaka yote. Kule alikokuwa akifanya kazi, kiwanda cha samaki cha Pago Pago, siku iko nyuma yetu kwa siku nzima, maana mstari wa tarehe unapita baharini katikati yetu. Unapanda kwetu Jumamosi unashuka kwao Ijumaa, saa ile ile. Sisi tumezoea. Ila yeye hakuchoka kuisema.

"Baba, nikuletee nini?"

"Kakao. Ya kwetu, ya kukaanga mwenyewe. Hii wanayonipa hapa ni maji ya matope."

"Nakuletea."

"Na yule kijana wa mizani, naye yupo?"

"Yupo, baba."

"Basi mlete siku moja nimwone kwa macho," alisema, kana kwamba alikuwa na siku nyingi.

Nilifunga kakao ndani ya jani la mgomba, nikaifunika na kitambaa, nikampigia Kirifi kumweleza hali ya baba, nikaenda uwanjani.

* * *

Uwanja ulijaa. Wiki iliyokuwa inakuja ilikuwa na Jumapili ya Watoto, ile siku watoto wote huvaa nyeupe kanisani, na kila mtu alikuwa na mfuko wa magauni meupe na viatu vyeupe kwa wajukuu wa ng'ambo. Ndege ilikuwa na viti tisa vya abiria. Kirifi alikuwa kwenye mizani. Aliniona, akainua nyusi, ishara yetu ya kusema yote ni sawa.

Nilipopanda alifunika namba.

"Baba anakuulizia," nilimnong'oneza. "Anataka kukuona kwa macho."

"Nitakuja. Mara hii ipite, nitakuja kweli." Akanigusa kidole. "Nenda, Lea. Umelia, macho yako mekundu."

Nilikaa kwenye benchi la karibu na kaunta. Mbele yangu mzee mmoja mnene wa tumbo, kofia ya majani kichwani na boksi la viatu kifuani, alikuwa akimbembeleza msimamizi. Msimamizi mwenyewe ni Bi Olita, mama mkavu, miwani imefungwa kwa kamba, haogopi mtu.

"Binti yangu," mzee alisema, "nimekaa kwenye orodha ya kusubiri tangu juzi. Wajukuu wanne. Wataingia kanisani miguu mitupu."

"Ngoja nitazame, baba." Bi Olita alishusha kidole kwenye karatasi. Kikasimama. "Kirifi."

"Naam."

"Kuna tiketi yako humu. Tiketi ya mfanyakazi, ya bure. Unasafiri leo?"

Hapo nikaelewa. Nilielewa kila kitu kwa mara moja, kama mtu aliyewashiwa taa chumbani. Kile kiti cha pili hakikuwahi kuandikwa kuwa ni changu. Kirifi alikuwa akitumia tiketi zake za kazi, anaandika jina lake, hapandi, mimi nakaa na nafasi yake. Na kila mtu wa uwanja ule anajua kwamba tiketi ya mfanyakazi ndiyo ya kwanza kutolewa ndege ikijaa.

Kirifi aliganda na kalamu mkononi. Foleni nzima ilikuwa inamtazama.

"Unasafiri au husafiri? Nijibu, watu wanasubiri."

Alinitazama. Nikamngoja. Nilijua kinachotakiwa kusemwa. Kiti kile ni cha yule dada pale, mwili wake unahitaji viti viwili, anakwenda kumwona baba yake anayekufa. Maneno hayo hayamalizi hata pumzi moja.

"Sisafiri," Kirifi alisema.

"Basi mzee amepata kiti. Haya, pandisha boksi lako hapa."

Mzee akamshukuru Mungu, akamtikisa Bi Olita mkono mpaka miwani ikamtoka. Kisha yule mama akachukua fomu ya uzito, akaisoma, akaisoma tena, akainua kichwa kunitafuta.

"Dada, wewe ndiye Malaea?"

"Ndiyo mimi."

"Njoo karibu." Aliteremsha sauti, hilo namshukuru. "Umeandikwa kiti kimoja. Mkanda wa kile kiti nitauongezea kipande, lakini kiti chenyewe hakitakutosha. Na jirani yako nitamweka wapi? Nani alikuuzia kiti kimoja?"

"Nitajibana," nilisema. "Ni dakika thelathini na tano tu."

"Rubani hatakubali, mwanangu. Anaruka na bahari chini."

Mzee wa viatu alisikia. Akacheka, si kwa ubaya, kwa ile furaha ya kupata kiti. "Mpeni nimpakate," alisema. "Au anipakate yeye, nitalala kama mtoto."

Watu wakacheka.

"Mzee, funga mdomo," mama mmoja wa kwenye foleni akamwambia. "Huoni binti ana msiba usoni?"

Nilishika ukingo wa kaunta. "Bi Olita, kile kiti alichopewa huyu mzee..."

"Kina nini?"

"Kilikuwa..."

Nikamtazama Kirifi. Alitikisa kichwa. Kidogo sana, kushoto, kulia. Hakuna mwingine aliyeona. Tiketi ya mfanyakazi ukimpa mtu mwingine unafukuzwa siku hiyo hiyo, nilijua hilo, na macho yake yalikuwa yananiomba kama macho ya mtu aliyeshikwa na maji.

"Kilikuwa nini?" Bi Olita aliuliza.

Nilikuwa na baba anayeningoja na mwanamume anayeniomba. Na tangu utotoni nilikuwa nimezoea jambo moja tu, kusogea pembeni ili nisimzibie mtu.

"Hakuna," nilisema. "Nilikosea."

"Ndege nyingine ni kesho saa moja asubuhi. Nikuandikie?"

"Niandikie."

Walipita mmoja mmoja na mifuko yao ya magauni meupe. Yule mama aliyenitetea alinishika bega. Injini ikanguruma, ndege ikakimbia, ikainuka juu ya minazi. Nilibaki na kakao mapajani.

* * *

Sikwenda nyumbani. Nilikaa kwenye benchi lile mchana wote. Pesamino alipiga saa sita, nikamwambia kesho. Hakunilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Anakuuliza," alisema tu. "Nimemwambia uko njiani."

Saa tisa na nusu Kirifi alimaliza zamu. Alikuja na chupa ya maji na mkate, akakaa mwisho wa benchi.

"Kula kidogo, Lea."

"Sili."

"Nilijaribu. Baada ya kaunta kufungwa nilimfuata rubani, nikamwomba..."

"Ulimwambia nini?"

Akafungua chupa ya maji, akaifunga tena.

"Ulimwambia kiti kilikuwa changu?"

"Nilimwambia kuna abiria mwenye dharura."

"Abiria."

"Malaea, ningefukuzwa. Tungekula nini? Tungeoana na nini? Nilikuwa nawaza mbali."

"Kwa nini hukukiandika kwa jina langu tangu mwanzo? Nilikwambia nitalipia. Malaea, viti viwili. Nani angekigusa?"

"Sikutaka uandikwe vile. Zile karatasi zinasomwa na kila mtu, mpakiaji mizigo, rubani, watu wa upande ule. Wangekucheka. Nilikuwa nakulinda."

"Unanilinda na nani?"

"Na watu."

"Watu wananiona, Kirifi. Wananiona nikiwa barabarani, sokoni, kanisani. Hakuna asiyejua nilivyo. Mimi mwenyewe najua. Ni nani hasa aliyekuwa hataki kuniona nimeandikwa viti viwili?"

Aliinamisha kichwa. Alikuwa na shingo nzuri, mpaka leo naikumbuka, na nywele zilizokatwa vizuri kwa ajili ya kanisa la kesho yake.

"Mama yako anajua jina langu?" nilimuuliza.

"Anajua yupo mtu."

"Jina langu analijua?"

"Lea..."

"Nilikipenda kile kiganja chako. Nilidhani unanifunika na baridi. Kumbe unafunika tu, kama mtu anavyofunika sufuria yenye kitu kibichi wageni wakija."

"Si kweli. Nakupenda. Mungu anajua nakupenda."

"Najua unanipenda," nilisema, na nilikuwa nasema kweli, ndiyo maana machozi yalitoka. "Lakini leo ulitikisa kichwa. Uliniomba nikuachie kazi yako, na mimi nikamwacha baba yangu. Umeona tulichofanya? Sikulaumu peke yako. Na mimi nilifunga mdomo."

Alisogea akanishika mkono. Sikuuondoa. Mkono wake ulikuwa wa moto, na mwili wangu wa kijinga ulitaka kumwegemea, hata saa ile.

"Kesho nitakupeleka mpaka ndani ya ndege," alisema. "Utamkuta. Wazee wa aina yake ni wagumu. Utamkuta na utampa kakao yake."

Simu ikalia. Ilikuwa saa kumi na dakika chache.

Nilipoipokea sikusikia neno. Nilisikia wanawake wakilia kwa mbali, na sauti ya mama yangu kati yao. Kisha Pesamino akasema, "Dada." Akashindwa. Akajaribu tena. "Dada, aligeukia mlangoni. Kila nesi akiingia alikuwa anageuka mlangoni."

Nilitoa mkono wangu kwenye mkono wa Kirifi.

"Amesemaje?" aliuliza. "Lea, amesemaje?"

Alielewa mwenyewe, akafunika uso kwa vile viganja vyake viwili.

* * *

Kesho yake asubuhi nilimkuta Bi Olita mwenyewe kwenye mizani. Kengele za kanisa zilikuwa zinapigwa ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nimevaa nyeusi, na kakao ile ile mkononi. Nilipanda bila kuambiwa.

"Isome," nilimwambia.

"Si lazima, mwanangu."

"Isome kwa sauti."

Akanitazama juu ya miwani. "Kilo mia na hamsini na saba, pamoja na mzigo."

Watu watatu nyuma yangu walisikia. Hakuna aliyecheka. Hata wangecheka, nisingekufa.

"Viti viwili," nilisema. "Andika jina langu mara mbili. Nalipia vyote."

"Nimeshaandika. Na cha pili hulipi." Aligonga mhuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Viti vyetu ndivyo vyembamba, wewe huna kosa. Makao makuu wataniuliza, nami nitawajibu." Kisha akasema taratibu, "Kijana alinifuata nyumbani jana jioni akanieleza yote. Malaea, ungeniambia pale pale ningemshusha yule mzee na viatu vyake. Ningemshusha hata askofu."

Nilishika tu kile kipande cha karatasi chenye jina langu mara mbili.

Kirifi alikuwa amesimama nje karibu na geti, hana sare. Alivaa shati jeupe la kanisani na sketi nyeusi wanayovaa wanaume wa kwetu kanisani, begi dogo mkononi.

"Wamenisimamisha kazi," alisema. "Na nimemwambia mama. Jina lako, na baba yako, na kila kitu. Alilia, halafu akasema nije kuzika. Nina tiketi, nimeinunua kama mtu yeyote. Nitakaa nyuma kama hutaki nikae karibu."

Alikuwa amechakaa kwa usiku mmoja. Kama angeyasema maneno hayo siku moja kabla, ningemlilia begani mbele ya uwanja mzima.

"Umesema jana jioni," nilimwambia. "Baba yangu alikufa saa kumi."

"Najua."

"Alitaka kukuona kwa macho."

"Najua, Lea."

"Basi usije kumwonyesha sura yako ukiwa umechelewa. Ungesema jana, ungekwenda pale kama mkwe. Leo utakwenda kama mtu wa kaunta. Rudi nyumbani, Kirifi."

"Nikungoje?"

Nilitaka sana kusema ndiyo. Neno lilifika mpaka kwenye meno.

"Usiningoje," nilisema, nikapita.

Ndani ya ndege walinikalisha kiti cha tatu. Cha kulia kwangu kilikuwa kitupu. Nilikiwekea kile kifurushi cha kakao, nikakifunga mkanda ili kisidondoke, kisha nikaufunga wangu kwa kile kipande cha nyongeza, nao ukafunga. Dirishani nilimwona Kirifi bado amesimama getini, mkono mmoja umeinuliwa, kiganja wazi.

Tulipokaribia kutua rubani aligeuka akatukumbusha kama wanavyofanya siku zote. "Karibuni Pago Pago. Hapa bado ni Jumamosi."

Nilirudishiwa siku ile ile niliyokuwa nimenyimwa, nzima, tangu asubuhi yake. Nikashuka nayo ngazi polepole, kakao kifuani. Pesamino alikuwa amesimama kwenye lami amevaa nyeusi, na simu yangu ilikuwa kimya mfukoni. Jana haikuwa tena na mtu wa kunipigia.